Kisu Kisichopumzishwa

Mishi mwanangu,

Kumwandikia barua mtu ambaye ndara zake ziko mlangoni pangu ni kichekesho, najua. Lakini barua isiyo na salamu ni utovu wa adabu, kwa hivyo assalaam aleikum, na uwe mzima wakati unaisoma kama ulivyokuwa mzima asubuhi ulipomwaga chai yangu.

Nimekaa karakana. Wewe na mamako mmevuka kwenda Kisauni kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua bibi yako, hamtaachiwa kabla ya magharibi. Mambo ya kula, ya kulala, ya kuvaa sweta na ya kutomwamini kila anayekuita dada, mamako amekuhutubia wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Nasikia Athi River kuna baridi. Zaidi ya hapo sijui lolote kuhusu Athi River, ila kwamba kuna karakana inayotengeneza visu vya wachinjaji, kwamba wameona kazi yako wakaipenda, na kwamba kesho asubuhi treni inakupeleka kwao.

Mimi nina jambo moja tu, na lilianza jana ulipokwenda dukani ukaniachia begi lako la visu.

Visu sita. Ulisema umechagua vilivyo bora kuliko vyote ili ukawaonyeshe mabwana zako wapya. Nilivifungua kimoja kimoja, wallahi si kwa kukupeleleza, ni kwa fahari tu ya mzazi. Nikachukua tupa ndogo nikaigusisha kwenye makali ya kila kimoja, kama ninavyofanya siku zote. Kwenye vitano tupa iliuma kidogo, ikakwaruza, kama inavyotakiwa. Kwenye cha sita, kile cha mpini wa mkwaju, iliteleza kama inayopita juu ya chupa. Nilirudia mara tatu. Uliporudi nikakuuliza, nikijifanya nauliza hivi hivi tu, kama kile cha mkwaju ulikipumzisha. Ukanijibu bila kunitazama.

"Nimekipumzisha, Baba."

Kisha ukaingia ndani kutafuta kitu ambacho hukukihitaji.

Sikukugombeza. Nadhani ulistaajabu, maana kwa kugombeza mimi sijambo. Lakini ile sauti niliijua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe nilipokuwa na umri wako, na tangu jana chakula hakipiti. Hata mamako ameniuliza kama ni huzuni ya wewe kuondoka, nikamwambia ndiyo. Huo nao uongo, au nusu yake.

Acha nianze na kosa langu kwako, kisha nitafika kwenye lile jingine, kubwa zaidi.

Ulipoingia karakana hii ulikuwa na miaka kumi na minne, na watu walisema maneno, kwamba Omari anamharibu binti kwa moshi na masizi. Nilikuweka kwenye tupa miaka miwili. Kupiga tupa na kunyoosha, kupiga tupa na kunyoosha, mpaka ukanichukia, usikatae, ulinichukia. Unakumbuka ile siku ulipochukua kisu chekundu toka motoni ukakichovya kwenye ndoo ya maji badala ya mafuta, kwa sababu mafuta yalikuwa mbali hatua tatu? Kililia kikapasuka katikati, nawe ukalia pamoja nacho, nami nikacheka. Sikupaswa kucheka. Nilipaswa kukukalisha pale nikueleze kilichotokea ndani ya kile chuma, na kinachoweza kutokea nje yake, mkononi mwa mtu. Badala yake nikakupa chuma kingine nikasema rudia. Kila uliponiuliza kwa nini, nilikujibu kwamba Fundi Athmani aliyenifunza mimi alikuwa akifanya hivi. Nilikufundisha namna ya kufanya nikakuficha sababu, na mtu asiyejua sababu, siku akichoka, ataruka hatua. Umeruka. Hatia ni yangu kwanza.

Sababu niliificha kwa kuwa sababu ina jina. Jina lake ni Kalume.

Najua unashtuka. Ni huyo huyo Mzee Kalume wa Shika Adabu, anayetuletea madafu kila Idi ingawa yeye hafungi, anayewaambia watu kwamba mtu akitaka kisu chenye subira ndani yake aje kwangu. Ulipokuwa na miaka sita hivi tulikwenda harusi ya jirani, ukamwona amekaa peke yake nyuma ya nyumba na sahani yake, wenzake wakila pamoja kwenye masinia. Ukaniuliza kwa sauti, watu wakasikia, mbona yule babu anakula kwa mkono wa kushoto. Nikakwambia aliumia kazini. Mpaka leo, kila akikutana nami njiani, ananipa mkono huo wa kushoto na kusema, "Samahani fundi, ni wa kushoto." Ananiomba mimi msamaha. Ameniomba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara najibu hakuna neno, nikaondoka upesi.

Sasa sikiliza.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwa Fundi Athmani, Mungu amrehemu. Karakana yake ilikuwa hapa Likoni, kabla barabara haijapanuliwa. Mwaka wa kwanza nilipiga tupa. Mwaka wa pili nilikaa na kikaango cha mchanga wa moto, nikipumzisha visu alivyofua yeye. Kupumzisha lilikuwa neno lake. Alisema chuma kikishaiva motoni na kuzamishwa ghafla kinatoka na hasira. Ukikinoa wakati huo kinapata makali ya kutisha, kinanyoa nywele za mkono usihisi kitu, na mwanagenzi akiona hivyo anadhani amefika. Lakini pigo moja tu la pembeni, kwisha. Kwa hivyo unakilaza juu ya mchanga, moto wa taratibu, unatazama rangi ikitambaa kwenye bapa, manjano ya nyasi kavu kwanza, halafu hudhurungi. Unakitoa, unakiacha kipoe chenyewe bila maji wala upepo, kisha unarudia mara ya pili. Alikuwa akikiweka baada ya adhuhuri na kukitoa karibu na alasiri. Na wakati huo wote hakuna kazi nyingine ya kufanya isipokuwa kukaa na kutazama.

Nilichukia kukaa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nilijua mwenyewe, na nilitaka mtu aone.

Aliyeona ni Kalume. Alikuwa bado kijana wakati huo, mgema, akigema minazi ya mwenye shamba mmoja upande wa Shelly Beach. Siku moja alipita, Fundi hayupo, akasimama akinitazama napiga tupa, akasema kwamba mimi nina mkono kuliko mzee wangu, ila mzee hataki watu wajue. Maneno ya kujipendekeza, basi. Lakini nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kusikia neno zuri, nikayameza yote. Akaniomba nimtengenezee kotama, kile kisu chepesi kilichopinda ambacho wagema hukatia karara la mnazi ili lichuruzike tembo.

Fundi Athmani alikuwa hatengenezi kotama. Alikuwa mtu wa msikitini, na alisema anayemfulia mgema chombo chake amekunywa naye. Wagema walikuwa wanavuka mpaka ng'ambo kutafuta mafundi wengine. Kwa hivyo kumtengenezea Kalume ilikuwa siri, na siri haina nafasi ya mambo yanayotaka muda. Hilo sikulijua.

Nilikifua kidogo kidogo, kila Fundi akitoka, kutokana na tupa kuukuu iliyokwisha meno. Wewe unajua chuma cha tupa. Kinashika makali kuliko springi ya lori, na kwa ugumu wake ndicho kinachohitaji kupumzishwa kuliko chuma chochote. Ikabaki kukitia moto wa mwisho na kukizamisha, na kwa hilo nilihitaji karakana tupu. Nikangoja Ijumaa.

Ijumaa ile nilimwambia Fundi tumbo linanisokota siwezi kwenda msikitini. Alinitazama, akaniambia ninywe maji ya tangawizi, akaenda. Hebu fikiria, mwanangu. Niliacha sala ya Ijumaa ili nimfulie mgema. Sikuwa mtoto, nilijua ninachofanya, na nilijiona shujaa.

Nikakoka jiko, nikakiivisha, nikakizamisha. Hakikupasuka, hakikupinda. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikakinoa kidogo nikakijaribu kwenye nywele za mkono wangu na zikaanguka bila sauti. Mchanga ulikuwa tayari kikaangoni. Kilichobaki ni kukilaza tu na kukaa. Hapo nikasikia kwenye kipaza sauti cha msikiti imamu anatoa salamu ya mwisho, na nikajua watu wanavaa viatu. Kalume alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya ukuta. Akaniuliza kama kiko tayari.

Nikasema kiko tayari.

Neno lenyewe ni hilo. Nimelirudia kichwani miaka mingi, wakati mwingine kwa sauti, mamako akidhani nazungumza na chuma. Sikudanganyika, Mishi. Sikusahau. Nilijua hakikupumzika, niliutazama mchanga nikautia kwenye ndoo, nikamwambia mtu yule kiko tayari, kwa sababu nilitaka aondoke nacho akinisifu kabla Fundi hajarudi. Malipo sikutaka. Nilitaka asimulie huko kwao kwamba kuna kijana Likoni.

Na alisimulia. Siku kumi na kitu alisimulia.

Asubuhi moja alikuwa juu ya mnazi mrefu, na kuti kavu lilikuwa limemzuia njia. Hakuwa na panga. Akalipiga kuti kwenye shina lake na kotama, mara moja, mara mbili, na mara ya pili kotama likakatika pale lilipopinda. Kipande kilirudi kikamwingia kifundo cha mkono wa kulia, kwa ndani, hapa penye kano. Alishuka kwa mkono mmoja, kidato hadi kidato kilichochongwa shinani, mkono mwingine ameubana kifuani. Nilikwenda kuuona ule mnazi. Nilijiambia nakwenda kumpa pole mwenye shamba, lakini niliupitia mnazi kwanza. Vile vidato alivyokanyaga vilikuwa na damu toka juu mpaka chini, na chini kabisa ilikuwa imeganda na sisimizi wameshaanza kupita. Nilirudi kesho yake kuutazama tena. Nilirudi na siku ya tatu. Mvua ilipoosha ile damu nilitarajia kwamba na mimi nitapata nafuu.

Alikaa hospitali, wakamshona, lakini vidole vilikuwa vimekwisha kufa. Vinapinda kidogo tu mpaka leo, na kushika haviwezi.

Alipotoka alikuja karakana. Nilimwona toka mbali, mkono umefungwa kitambaa cheupe, na nikafikiri basi, leo nimekwisha. Akamsalimu Fundi Athmani, akatoa vipande viwili vya kotama kwenye mfuko, akavilaza juu ya fuawe. Hakutaka fidia. Alisema anataka kujua tu.

"Fundi, nambie kweli. Kosa ni la chuma au ni langu?"

Fundi alivaa miwani. Akakigeuza kipande kwenye mwanga, akatazama pale kilipokatikia. Wewe unajua anachotazama fundi pale, chembe za chuma zinazosema kama kilipumzishwa. Akauliza ni nani aliyekitengeneza.

Kalume hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Nilinunua Kisauni, kwa mtu wa kando ya njia."

Alinificha. Alijua Fundi akijua nimefua kotama chini ya paa lake, tena Ijumaa, atanifukuza siku hiyo hiyo. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa umekufa kwa uvivu wangu alisimama pale akanilinda mimi.

Na Fundi akanyoosha kile kipande kwangu, taratibu, akauliza, "Na wewe Omari, unaonaje?"

Mlango ulikuwa wazi, Mishi. Nilikuwa naweza kusema. Kinywa changu kikafunguka, na kilichotoka ni hiki: "Kotama si panga. Nani amemwambia akate kuti kavu na kotama?"

Kalume alitikisa kichwa polepole akakubali. Alisema hata yeye alifikiri hivyo. Akaninyooshea ule mkono wa kushoto kuniaga, na hapo ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza nimsamehe kwa kunipa wa kushoto.

Fundi Athmani alivua miwani. Alivichukua vile vipande akaingia ndani. Tangu siku hiyo mwaka mzima hakunipa nyundo. Alinirudisha kwenye kikaango cha mchanga, na alikuwa akija kukaa upande wa pili, tukitazama rangi wote wawili bila maneno. Nilikuwa naomba anitukane. Alipokufa, arobaini ilipokwisha, wanawe wakanipa sanduku lake la vyombo, kwani ndivyo alivyousia. Chini kabisa, kwenye kitambaa, vilikuwemo vile vipande viwili. Alijua toka mwanzo na alikuwa akinisubiri niseme. Aliondoka akinisubiri. Nami nikavichukua, nikapanda feri nikavitupa katikati ya mkondo, nikitazama huku na huku kama mwizi.

Watu wa hapa wananisifu kwa subira. Fundi Omari hana pupa, wanasema, kisu chake ukikitaka kesho utakipata wiki ijayo. Sina subira yoyote. Nina woga. Kila ninapokilaza kisu juu ya mchanga nakiona kile kifundo cha mkono, na siwezi kuondoka pale hata nikiitwa kula. Mtu akibisha hodi kwa nguvu nadhani kimevunjika kisu changu mahali. Kazi nzuri inatoka, sikatai, lakini sitaki wewe uipate kazi nzuri kwa njia hii. Nataka ukae na chuma chako kwa sababu unajua kiko njiani kwenda mkononi mwa mtu ambaye hutamwona, mchinjaji mwenye watoto, anayeshika utelezi wa damu na mafuta tangu alfajiri. Basi. Huhitaji mzimu wa kukusimamia.

Na nikwambie pia jambo ambalo sikuambiwa. Kisu kisichopumzika ndicho kikali kuliko vyote. Kile cha mkwaju ndicho unachokipenda zaidi katika sita, sivyo? Nilijua. Kilinyoa mkono wangu jana na nikahisi ile furaha ya zamani, nikakirudisha begini upesi.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapa, nikupe dua, nitie sahihi. Nilikuwa nimeandika hata ile dua. Halafu nikasoma nilichoandika nikaona nimekwambia wewe, ambaye sikukukosea kwa hili, na yeye niliyemkosea yuko nusu saa kwa miguu kutoka hapa, akiwa hai, na sijamwambia. Nimeweka kalamu. Naenda Shika Adabu.

*

Nimerudi. Jua limeshuka sana, mwandiko utausamehe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anasuka makuti, amelikanyagia jani kwa mguu na kusuka kwa mkono ule mmoja. Alifurahi kuniona. Alikuulizia wewe, akasema Athi River ni mbali lakini chuma ni chuma. Akanitolea kigoda. Sikukaa, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza juu ya mvua.

Nilimwambia yote nikiwa wima. Ijumaa, tumbo, tupa kuukuu, kipaza sauti cha msikiti. Alikuwa akiendelea kusuka na kutikisa kichwa, kama anayesikiliza habari za watu wengine. Nilipofika kwenye mchanga nilioumwaga ndooni, mkono ukasimama.

"Unasema kotama lilikuwa bovu," akasema.

"Lilikuwa bovu. Na nilijua wakati nakupa."

"Ulijua."

"Nilijua, Mzee Kalume. Na mbele ya Fundi nikakutupia wewe kosa."

Aliliweka jani chini. Kuku walikuja wakapita kati yetu. Nilidhani atalia, au atanipiga na kigoda, na lolote kati ya hayo ningelipokea kwa shukrani. Alipozungumza hakunitazama mimi, alitazama mlango wa nyumba yake. Mkewe, Mama Karisa, alikufa mwaka juzi. Ulikuja nasi kwenye mazishi.

"Mama Karisa amekufa akiniita mzembe," akasema. "Kila kikombe kilichonianguka, kila mlango niliosahau kufunga, alikuwa anasema, wewe na uzembe wako, uzembe umekula mkono wako na watoto wangu wamelala njaa. Na mimi nikimwachia, kwa sababu niliona ana haki. Sasa nani atakwenda kumwambia?"

Niliutazama mlango ule, Mishi. Mkono wake nilikuwa nimeubeba miaka yote hiyo, nikidhani huo ndio mzigo wote. Kumbe kulikuwa na nyumba nzima. Nilikuwa nimeingia katikati ya mtu na mkewe nikakaa humo mpaka mmoja akafa. Nikapiga magoti kwenye yale makuti nikaanza kumwomba radhi, na nililia, nakwambia ili usije ukasikia kwa watu. Akaninyooshea kiganja cha kushoto kunizuia.

"Radhi iache kwanza," akasema. "Nijibu hili. Kuna kingine kama kile, kiko mkononi mwa mtu, na wewe unajua?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema hakuna. Kweli tangu kotama lile sikutoa kisu kimoja kwenye karakana hii kabla ya wakati wake, na ningeapa kwa msahafu. Kisha nikakumbuka begi lako.

"Kipo kimoja," nikamwambia. "Hakijatoka nyumbani."

"Basi unangoja nini hapa?"

Akachukua jani lake akaendelea kusuka. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Nilitembea njia nzima nikitafuta uso wake ulivyokuwa aliposema lile neno la mwisho, na siupati.

Nimekoka jiko. Nimetia mchanga kikaangoni na unaanza kupata moto. Kisu chako sijakigusa. Kiko begini pale pale ulipokiweka, kwani mkono unaopaswa kukitoa si wangu. Barua hii naiweka juu ya begi, na ukiisoma hapo mlangoni kabla hata hujavua buibui, vizuri zaidi. Mamako nitamwambia mwenyewe, ni zamu yake leo kusikia.

Usije kuniomba msamaha kwa jana. Njoo tu na kisu. Kitachukua muda wake, mara mbili, na safari hii nitakaa upande wa pili wa kikaango na kila utakaloniuliza nitakujibu. Kesho kabla ya stesheni tutapitia Shika Adabu wote wawili. Utamwamkia Mzee Kalume, utampa kile kisu akishike, na wewe ndiye utakayemwambia kwamba hakuna kingine.

Anangoja kusikia.

Babako,
Omari